Habari za Maji ya Uvira, na Deni Letu la Yubilei



Katika kitabu hiki cha yubilei mtasoma habari za makatekista wa kwanza, za masomo na dispanseri, za kwaya na za Mama wa Legio. Ni haki kuzikumbuka. Lakini sisi tuliopewa kurasa hizi tumeombwa kuandika juu ya kitu ambacho hakina picha ukutani, wala hakikuandikwa katika kitabu cha ubatizo, ijapokuwa bila hicho hakuna hata mmoja wetu ambaye angebatizwa. Kitu hicho ni maji. Tumekubali, kwa sababu tumeona kwamba historia ya maji ya mji wetu inagusa historia ya Eklezia yetu mahali pengi, na kwa sababu inatuacha na deni ambalo hatuwezi kulificha siku ya sikukuu.

Mji ulio kati ya maji na maji

Mgeni akija Uvira kwa mara ya kwanza hushangaa. Mashariki anaona Ziwa Tanganika, lenye urefu wa karibu kilometa 670 na kina cha karibu meta 1.470, katika dunia nzima ni ziwa Baikal la Siberia peke yake linalolizidi kwa kina. Magharibi anaona milima ya Mitumba ikisimama kama ukuta, na kutoka ukuta ule mito inashuka kwa haraka: Kavimvira upande wa kaskazini, Mulongwe katikati ya mji, Kalimabenge upande wa kusini. Mbele kidogo, kaskazini, mto Ruzizi unaleta maji kutoka ziwa Kivu. Mji wenyewe umebanwa katika kamba nyembamba ya ardhi kati ya mlima na ziwa, toka Kavimvira hata Kalundu penye bandari. Mgeni anauliza: «Watu wa hapa watakosaje maji?»

Ni swali jema, nalo si la leo. Tarehe 26 Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi. Hawakuja kutafuta watu, walikuja kuuliza habari za maji: mto Ruzizi unatoka ziwani, ama unaingia ziwani? Wenyeji waliwaambia wazi kwamba unaingia. Jibu hilo halikumaliza mabishano kule Ulaya. Miaka 13 ilipita, ndipo Livingstone na Stanley wakapanda mtumbwi mwaka 1871, wakaenda hata mdomo wa mto, wakaona kwa macho yao kwamba wenyeji walisema kweli. Twalikumbusha jambo hili si kwa kuwacheka wageni, bali kwa sababu lina fundisho litakalorudi mbele: habari za maji, mwenye kujua kwanza ni yule anayeyateka.

Kumbe kuwa karibu na maji si kuwa na maji ya kunywa. Maji ya ziwa ni mengi, lakini ukingoni ndipo mji mzima unapooga, unapofua, unapoosha vyombo na samaki, na ndipo mvua inapomwaga takataka zote za milimani na za makartie. Maji ya mito hushuka safi kule juu, yakipita mashamba na nyumba yanageuka. Mama wa Nyamianda ama wa Kasenga anaweza kuliona ziwa kubwa hivi toka mlangoni pake, na asiwe na kikombe kimoja cha kumpa mtoto pasipo hofu.

Misioni na mto

Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika ziwa Tanganika mwaka 1879, wakaanza Rumonge, ng'ambo ya pili katika nchi inayoitwa leo Burundi. Mwaka 1881 watatu kati ya watu wao waliuawa pale. Toka mwanzo huo mgumu Injili ilizunguka ziwa. Kwetu Uvira, Wamisionari Waksaveri kutoka Parma, wana wa Mtakatifu Guido Maria Conforti, waliingia mwaka 1958. Tarehe 16 Aprili 1962 Jimbo la Uvira likasimamishwa, naye Monsenyeri Danilo Catarzi akawa askofu wake wa kwanza, akalichunga hata mwaka 1981.

Jimbo lilikuwa bado changa lilipojaribiwa kwa damu. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa maasi, waliuawa Baraka na Fizi Bruda Vittorio Faccin, Padri Luigi Carrara, Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa hapa Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza Wenye Heri. Wengi wetu tulikuwapo. Jua lilikuwa kali, na kila mmoja wetu anakumbuka alikuwa amebeba nini mkononi: chupa ya maji. Yule aliyekuwa nayo alimpa jirani asiyekuwa nayo. Tuliona siku ile kwamba heshima ya wafiadini na maji ya kunywa ni mambo yanayokaa pamoja vizuri.

Regideso na safari ya maji

Mwaka 1939 serikali ya kikoloni iliunda Regideso, kampuni ya Leta ya kugawa maji mijini. Jina hili ni la zamani hata limevuka mpaka: Burundi nao, baada ya uhuru wa mwaka 1962, waliendelea kuiita kampuni yao Regideso. Basi miji miwili inayotazamana usiku kwa taa zake, Uvira na Bujumbura, inalipa maji yake kwa jina moja, ingawa ni makampuni mawili ya nchi mbili. Tofauti ni chanzo. Bujumbura hunywa hasa maji ya ziwa yaliyosafishwa. Uvira hunywa mlima, maana maji ya robine zetu yanatekwa katika mto Mulongwe.

Ni vema kila mkristo ajue safari ya maji hayo, kusudi afahamu yanalipiwa nini. Kwanza yanaingia kutoka mtoni. Siku ya mvua yanafika mekundu kwa udongo. Yanatiwa dawa inayokusanya udongo hata ushuke chini, yanapitishwa katika mchanga yachujwe, kisha yanatiwa klori ya kuua wadudu wasioonekana. Baadaye yanapelekwa katika matangi, na toka matangi yanaingia katika tiyo kubwa, toka kubwa katika ndogo, hata robine ya uwanjani ama fonteni ya kartie. Kila hatua ina gharama yake. Dawa inanunuliwa mbali. Mashine zinataka umeme, na umeme wa Uvira hutoka katika mitambo ya mto Ruzizi; umeme ukikatika, mashine zinasimama, nazo tiyo zinabaki tupu. Tiyo tupu ni hatari kuliko inavyodhaniwa, kwa maana pale ilipotoboka inanyonya uchafu wa mfereji, na maji yakirudi yanauleta ule uchafu nyumbani.

Tiyo za kwanza zilipangwa kwa mji mdogo. Mji haukubaki mdogo. Watu walishuka milimani, walitoka Fizi, Itombwe na bonde la Ruzizi, wengine walivuka mpaka wakikimbia vita vya nchi zao. Mwaka 1977 mataifa yalikutana Mar del Plata, Argentina, wakaahidi kwamba miaka ya 1981 hata 1990 itakuwa miaka kumi ya maji safi kwa watu wote. Ahadi ilikuwa njema. Lakini katika nchi yetu, iliyoitwa Zaïre wakati ule, miaka iliyofuata ilikuwa ya kubomoka. Pesa iliharibika hata mwezi wa Oktoba 1993 zaire mpya moja ikawa sawa na zaire za zamani milioni tatu. Aliyekuwa ameweka akiba ya tiyo katika sanduku, alifungua sanduku akakuta karatasi. Kisha mwezi wa Oktoba 1996 vita vilianza katika pande zetu hizi hizi. Wakati wa vita hakuna anayeongeza tiyo; ni furaha kama zile za zamani hazikupasuka.

Hivyo makartie yalikua na mabomba hayakukua. Wenye robine walikuwa na robine iliyokaa siku nyingi bila kutoa tone. Wasiokuwa nayo walinunua bido kwa jirani, ama walishuka mtoni na ziwani kama babu zao.

Ugonjwa unaofuata tiyo kavu

Wakati huo wote adui mmoja alikuwa amekwisha kuingia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kolera, ambayo wandugu wa Tanzania wanaiita kipindupindu, ilifika katika nchi za maziwa yetu. Haikuondoka tena. Mahali pengine kolera ni mgeni, inapiga na kwenda. Kwetu imejifanya mwenyeji: hakuna mwaka kituo cha kutibu kolera cha Uvira kinapokosa wagonjwa.

Kwamba ugonjwa huu unasafiri katika maji, jambo hilo lilijulikana zamani. Mwaka 1854, pale London, mganga John Snow aliandika katika karata nyumba za waliokufa, akaona zimezunguka pompa moja ya maji. Aliomba mkono wa pompa uondolewe, nao ukaondolewa. Mwaka ule ule, katika mji wa Firenze, Mwitalia Filippo Pacini aliona kwa darubini mdudu mwenyewe, lakini karibu hakuna aliyemsikiliza, hata Mjerumani Robert Koch alipoonyesha jambo lile lile karibu miaka 30 baadaye.

Mji wetu nao umeingia katika historia hiyo ya elimu. Waganga wa masomo makubwa ya afya ya London walichukua hesabu za wagonjwa wa kituo cha Uvira toka mwaka 2009 hata 2014, wakaziweka kando ya hesabu za maji ambayo kiwanda cha Regideso kilitoa siku kwa siku. Mwaka 2015 walitangaza walichokiona. Baada ya siku moja ambayo robine hazikutoa maji kabisa, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kolera walizidi, kwa wastani, kwa 155 katika mia, ukilinganisha na siku ambayo kiwanda kilifanya kazi kamili. Maana yake walikuwa zaidi ya mara mbili. Na kwa jumla, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne aliletwa kituoni kwa sababu ya upungufu wa maji ya robine.

Waliona tena jambo la kushangaza. Makartie yanayotumia sana maji ya robine, yenye wagonjwa wachache siku za kawaida, ndiyo yaliyoumizwa zaidi na kukatika kwa maji. Ukifikiri utaona sababu. Aliyezoea kuteka mtoni amezoea kuchemsha, ama anajua mahali pasipo pabaya sana. Aliyezoea robine hana akiba wala desturi. Siku robine inapokauka anakimbilia ziwani kama mtu asiyejua njia. Basi si kitu kuleta maji mara moja, kupiga picha na kukata utepe. Maji yanayokuja na kukatika yanaweza kumdanganya mtu. Kazi iliyo ngumu ni kuyafanya yadumu.

Wamama wetu, kusema kweli, walikuwa wakilijua hilo kabla ya waganga. Walisema: «Robine ikilala siku mbili, wiki ijayo tutakwenda kutazama wagonjwa.» Ni kama habari ya Ruzizi: walioulizwa walijibu, lakini iliwapasa watu wa mbali kuja kuhakikisha.

Ni nani aliyelipa?

Hapo tunafika kwenye shina la maneno yetu. Tiyo hazioti kama mihogo. Nani alipe?

Katiba ya nchi ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inamhakikishia kila mtu haki ya kupata maji ya kunywa. Tarehe 28 Julai 2010 mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa ulikiri vilevile kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato si', aliiweka haki hiyo kati ya zile za msingi kabisa, kwa kuwa bila maji hakuna namna ya kuishi. Na tarehe 31 Desemba 2015 nchi yetu ilipata sheria yake ya maji, iliyofungua mlango kwa wengine pamoja na Regideso kuendesha kazi hiyo na kuwapa mikoa na mitaa sehemu yao. Haki imeandikwa mara nne basi. Lakini haki iliyoandikwa haibebi maji. Inamwonyesha tu anayepaswa kubeba.

Tumejifunza kwamba gharama ya maji ina mifuko mitatu, na watu wakichanganya mifuko hiyo wanagombana bure.

Mfuko wa kwanza ni wa kujenga: kiwanda, matangi, tiyo kubwa. Mfuko huo hauwezi kujazwa na sadaka ya Dominika. Kwa Uvira umejazwa hasa na watu wa nje: Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya, na Mfuko wa Veolia, wakishirikiana na Regideso na shirika la Oxfam. Walikusudia kutengeneza na kupanua kiwanda cha Mulongwe, kuongeza tangi, kurefusha tiyo kuelekea makartie ambayo hayakuwa nayo, kusimamisha fonteni na kuunganisha nyumba. Kazi ilikwenda vipande vipande, tena ilichelewa, maana mlima nao ulisema neno lake. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, jimbo likitimiza miaka 58 kamili, mvua kubwa ilishuka na Mulongwe ukatoka kitandani mwake. Watu makumi walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka, na mitambo ya maji yenyewe iliharibika, hata robine zikakauka katikati ya gharika. Tuliona siku zile watu wamesimama katika maji hata magoti, wakiomba maji. Mwaka ule ule chanjo ya kolera ya kumeza iligawiwa mjini, na twawashukuru waliofanya kazi ile. Lakini chanjo ni mwavuli, haiwi paa. Mwaka 2024 ziwa nalo lilipanda, likaingia katika nyumba za ukingoni, vyoo na visima vikawa kitu kimoja.

Mfuko wa pili ni wa kila siku: dawa, umeme, mshahara wa mfanyakazi anayeamka usiku kufunga vali, tiyo inayopasuka. Mfuko huo wafadhili wa mbali hawawezi kuujaza milele, wala haifai waujaze. Unajazwa na fakitire. Mtu asipolipa fakitire, kampuni inakosa dawa na umeme, maji yanakatika, watu wanasema «tulipe nini, na maji hayaji?», wanazidi kutolipa. Gurudumu hilo linazunguka kuelekea chini. Kulizungusha kuelekea juu yataka upande mmoja uanze, na kila upande unamngoja mwenzake.

Mfuko wa tatu ndio uliosahauliwa sana. Ni wa kuunganisha: toka tiyo ya barabara hata uwanja wa mtu, pamoja na kontere. Tiyo kubwa inaweza kupita mbele ya mlango wa mjane, naye akabaki anakwenda mtoni, kwa sababu hana pesa ya meta 20 za mwisho. Jirani yake mwenye kazi anaunganisha, kisha anamwuzia kwa bido. Mwishowe mjane analipa maji bei kubwa kuliko tajiri. Hatusemi hayo kwa kumchukia jirani; bila yeye mjane angekunywa ziwa. Tunasema tu kwamba katika meta zile 20 ndipo penye kazi inayotosha mikono ya parokia.

Kosa letu

Imetupasa kuungama, maana yubilei bila kuungama ni ngoma tu.

Zamani kidogo parokia yetu ilipata fonteni katika uwanja wa kanisa, kwa wema wa mfadhili ambaye hakutaka jina lake litajwe. Tulichagua komite. Kila bido ililipiwa kidogo, na mama mmoja aliketi pale toka alfajiri akiandika katika daftari. Miezi ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Kisha ikaja sikukuu kubwa, wageni wengi, na sanduku la fonteni lilikuwa na pesa. Tulisema: «Tukope, tutarudisha.» Tulinunua mchele, mafuta na soda. Hatukurudisha. Fakitire ikaja mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na robine ikafungwa. Hatuilaumu kampuni, tulikuwa hatukulipa.

Yule mama wa daftari alikuja kwa komite na daftari lake. Hakupiga kelele. Alisoma hesabu yote, siku kwa siku, kisha alisema: «Wazee wangu, pesa hii haikuwa ya kanisa, wala ya komite. Ilikuwa ya wale waliolipa kwa maji ya kesho.» Akaweka daftari mezani, akaenda. Robine ilikaa imefungwa majuma mengi. Watu wa avenyu zile walirudi mtoni. Msimu ule kulikuwa na kolera, na kati ya waliopelekwa kituoni walikuwamo watoto wa katekisimu. Walipona, Mungu asifiwe. Hatuwezi kusema ni robine yetu iliyowauguza. Mungu peke yake anajua kila mtoto alikunywa wapi. Lakini tuliposoma baadaye hesabu ile ya siku 12, tulinyamaza.

Deni lile lililipwa mwishowe kwa likelemba ya wamama, waliochanga kidogo kidogo kila juma. Wao ambao hawakula mchele ule katika meza ya wakubwa ndio waliolipa. Twaandika hapa, katika kitabu cha sikukuu, kusudi lijulikane.

Sadaka ya yubilei

Sasa mtafahamu kwa nini komite ya yubilei imebishana miezi mitatu. Wengine walitaka sadaka ya mwaka huu itengeneze mbele ya kanisa kwa saruji mpya na rangi. Si ombi baya. Nyumba ya Mungu yastahili kupendeza, na wazee waliobeba mawe yake wangali hai wachache. Wengine walitaka iende katika mfuko wa tatu, wa zile meta 20. Maneno yalikuwa makali. Mzee mmoja alisema kwamba maji ni kazi ya Leta, na Eklezia ikifanya kazi ya Leta, Leta italala. Neno lake lina kweli, tusilitupe. Yatupasa kuendelea kudai kwa sauti, kwa shefu wa kartie, kwa meya, kwa mkoa, na kwa kampuni yenyewe. Lakini kijana mmoja alimjibu: «Baba, Msamaria hakumwuliza mtu wa njiani kama barabara ni ya Leta.»

Tulipatana hivi. Saruji itangoja. Sadaka ya yubilei itawekwa katika mfuko wa kuunganisha nyumba za wajane, za wagonjwa na za wasiojiweza katika avenyu zilizo karibu na tiyo, bila kuuliza kama ni wakatoliki, waprotestanti, waislamu ama watu wasiosali. Si zawadi tupu: aliyeunganishwa atarudisha kidogo kidogo kadiri awezavyo, na kile anachorudisha kitamwunganisha mwingine, kama likelemba. Daftari litasomwa mbele ya wakristo wote kila mwezi wa tatu, baada ya misa. Sanduku litakuwa na funguo tatu, na funguo moja itashikwa na wamama. Na hakuna sikukuu, hata ya askofu, itakayolifungua. Monsenyeri atusamehe, tunadhani atafurahi.

Tena tumeamua kwamba salongo ya parokia, mara mbili kwa mwaka, itapanda miti juu, katika mabonde ya Mulongwe na Kavimvira, kwa ruhusa ya wenye ardhi. Mlima uliovuliwa nguo ndio unaotushushia mawe na matope. Hatuwezi kunywa mlima na huku tunauchoma makaa bila kufikiri.

Wageni wapenzi, labda mtaona ni kidogo. Ni kidogo kweli. Mbele ya kazi ya matangi na viwanda, sanduku letu ni kama tone. Lakini tunakumbuka yule mwanamke wa Samaria aliyekwenda kisimani mchana, peke yake, na mtungi wake. Bwana wetu alikuwa na mengi ya kumwambia juu ya uzima wa milele, lakini alianza kwa kumwomba maji. Toka siku ile hakuna mkristo anayeweza kusema kwamba kiu ya mtu si habari ya dini.

Basi tunamshukuru Mungu kwa miaka iliyopita: kwa wamisionari waliokuja na wafiadini waliobaki, kwa wafanyakazi wa maji wanaoamka usiku na wasiojulikana kwa majina, kwa wafadhili wa mbali ambao hawatakunywa kamwe maji waliyoyalipia, na kwa wamama waliobeba bido vichwani tangu mji huu haujaitwa mji. Mtakaposoma kurasa hizi katika yubilei ijayo, ninyi mtakaokuwa hai, mlitafute daftari la funguo tatu. Likiwa limejaa, mtusifu kidogo. Likiwa tupu, msome tena habari ya mchele, kisha mwanze upya.

Mtakatifu Paulo, msimamizi wa kanisa letu la askofu, atuombee. Wenye Heri wafiadini wa Baraka na Fizi, mtuombee.